Ukoko wa Bonane

Mama Mpishi wa avenyi yetu alipima mchele kwa meno. Alichukua punje moja, akaiweka kati ya meno mawili ya mbele, akafumba macho, akauma. Ilisikika tak ndogo, kisha hukumu ikatoka.

"Hii ya mwaka jana. Tena ililala karibu na bidoni ya petroli."

Mwenye mchele aliinamisha kichwa. Ilikuwa kweli: mume wake aliuza petroli kwa chupa mbele ya nyumba, na gunia halikuwa na mahali pengine pa kulala.

Ua wangu na wake umetenganishwa na uzio wa matete, na uzio huo umekuwa na tundu tangu nilipoletwa Kasongo kama bibi harusi, miaka kumi na tisa sasa. Katika miaka hiyo yote sikusikia mtu akimwita kwa jina. Watoto walisema Mama Mpishi, wazee walisema Mama Mpishi. Hakuwa na mkahawa wala hakuuza chakula. Mwaka mzima alilima mpunga na mihogo kama sisi wengine. Jina lake lilitoka katika siku mbili tu: Idi ya kumaliza Ramadhani, na Bonane, siku ya kwanza ya mwaka.

Siku hizo mbili avenyi yetu, mtaa mzima, hupika sufuria moja. Kila nyumba, ya Waislamu na ya Wakristo, huleta kopo moja la mchele. Tajiri haleti mawili, na maskini haambiwi alete nusu. Nimeuliza avenyi nyingine za Kasongo, nimeuliza ndugu zangu wa Nyangwe: wao pia hupika pamoja, lakini hawana jambo letu la ukoko. Ukoko wa Idi huliwa tu. Ule wa Bonane husomwa. Wali ukishapakuliwa, moto huchochewa tena kidogo, mawese hudondoshwa pembeni ili ukoko uachie, kisha sufuria hupinduliwa mbele ya watu wote juu ya ungo uliotandikwa majani ya ndizi. Ukoko ukianguka mzima, mviringo, mwekundu kama udongo wa barabara, basi mwaka umezibwa vizuri na hautavuja. Ukivunjika, hakuna aliyejua nini kinafuata, kwa kuwa katika kumbukumbu za watu ulikuwa haujavunjika. Kila mwaka ulianguka mzima mikononi mwa Mama Mpishi. Ndiyo maana alipoanza kuzeeka swali la avenyi nzima likawa moja: nani atapindua sufuria baada yake?

Mtu asiyepika hawezi kujua ugumu wa kazi hiyo. Mchele wa nyumba moja una tabia moja. Mchele wa nyumba ishirini na kitu una tabia ishirini na kitu. Mwisho wa Desemba ndipo mpunga mpya unapoanza kutoka mashambani, kwa hiyo nyumba hii inaleta mchele uliotwangwa juzi, usiotaka maji mengi, na nyumba ile inaleta wa mwaka jana, mkavu, unaokunywa maji kama mtu anayefuturu. Ukitia wote kwa mara moja, huu unakuwa uji na ule unabaki changarawe. Mama Mpishi alipokea kila kopo katika bakuli lake, akauma punje, akapanga mabakuli kwenye mkeka kwa mstari, wa zamani mbele na mpya nyuma. Maji yakichemka alitia bakuli la kwanza, akaimba kitu puani, akatia la pili. Hakuwa na saa, wimbo ndio uliokuwa saa. Mwishoni alifunika kwa majani ya ndizi, akaweka kifuniko, akapanga makaa juu yake, na kuanzia hapo hakuna aliyethubutu kumsemesha.

"Muchele ni kama watu wa avenyi," aliniambia siku moja akipepea makaa. "Wote wataiva. Lakini usiwaingize saa moja."

Kwenye sahani yake ya Bonane kila kitu kilikuwa na kazi. Wali ulikuwa watu: ikianguka punje moja unaiokota, maana mtu haachwi njiani. Sombe ya mihogo ilikuwa subira, kwa sababu ilitwangwa tangu alfajiri na kukaa motoni mpaka ikasahau kwamba ilikuwa majani. Karanga zilichemshwa na maganda yake, ili siri za nyumba zibaki nyumbani. Kambale kutoka Nyangwe aliletwa mzima na kichwa chake, kwa kuwa samaki haogelei kinyumenyume, na mwaka nao usirudi nyuma. Ndizi mbivu za kukaanga kwa mawese zililiwa kwanza kabisa, kabla mtu hajafungua kinywa kulalamika. Kitu kichungu au kichachu hakikukanyaga pale. Ngaingai, yale majani machachu, ilifukuzwa. Limau lilifukuzwa.

"Na bugali, Mama?" nilimuuliza. "Bugali haina bahati?"

"Bugali ni ya siku zote. Bahati ya siku zote haina sikukuu, inakuja na jembe."

Nilijaribu mara kadhaa kujua kama yeye mwenyewe aliamini mambo haya. Mara ya kwanza alisema, "Bahati ni kuni kavu." Mara ya pili alisema, "Kama siamini, nani ataniletea kopo?" Mara ya tatu aliniuliza kama nimekwisha kuosha mabakuli yangu. Na Bonane moja nilipita nyuma ya jiko lake nikamkuta kwenye kigoda, anafyonza limau na chumvi.

"Mama! Leo?"

"Kwani limau inajua ni leo?" Alifyonza tena, jicho moja limefumba. "Tangu asubuhi naonja vitu vya utamu, ulimi imechoka. Weye pita, hukuniona."

Kulikuwa na sharti jingine ambalo hakulivunja hata nyuma ya jiko. Yeye hakula ukoko. Mkono unaopakua haujipakulii, alisema, la sivyo bahati ya wote inafuata mkono mmoja. Aligawa mpaka kipande cha mwisho, akalamba vidole, akaenda kutafuta sombe iliyobaki chini ya chungu. Miaka yote aliyoupika, hakuwahi kuuonja.

Shehe wa msikiti wetu mdogo hakupenda mambo ya kusoma ukoko. Mwaka mmoja alikuja siku mbili kabla ya Bonane, akakaa kwenye mkeka, akasema kwa upole:

"Mama, bahati inatoka kwa Mungu. Haitoki ku sufuria."

"Kweli kabisa, Shehe. Mungu anashusha. Miye napakua tu."

Shehe alikohoa, akarekebisha kofia.

"Basi mwaka huu unipakulie ya pembeni," alisema. "Ile ngumu."

Upole wa Mama Mpishi ulikuwa na meno, hata baada ya meno yenyewe kuondoka. Pembeni ya avenyi yetu kuna mwenye duka, mtu wa maneno mengi na vicheko vikubwa, ambaye hapendi kupitwa na jambo. Mwaka mmoja kopo lake lilikuja na vijiwe. Mama Mpishi alikaa kwenye mkeka akavichambua kimoja kimoja. Ukoko ulipogawiwa, sahani ya mwenye duka ilikuja na kifurushi kidogo cha jani la ndizi, kimefungwa kwa uzi. Alidhani ameongezewa. Alikifungua mbele ya watu wote.

"Baba, hii ulisahau ndani ya muchele," alisema Mama Mpishi. "Nilikuchungia."

Mwenye duka alicheka wa kwanza, lazima niseme hivyo kwa haki. Tangu mwaka huo alileta mchele wa dukani kwake, mweupe, mwembamba, wa magunia yanayotoka mbali, na kila mara alichelewa makusudi ili watu wote wamwone akiuleta. Mama Mpishi hakumlaumu kwa kuchelewa. Mchele ule ulikuwa mwepesi kuiva kuliko wote, na ulitakiwa kutiwa mwisho kabisa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nililificha kwa miaka tisa.

Mwaka huo watu wengi walikuwa wamefika Kasongo kutoka vijiji vya Kabambare, wakikimbia bunduki. Walikuwa wametembea siku nne, wengine tano. Kila nyumba ya avenyi yetu ilikuwa na wageni sebuleni na nyuma ya jiko. Bonane ilipofika, wageni nao walitaka kuleta kopo lao, na walileta walichobeba: mchele ulionyeshewa, ukakauka, ukanyeshewa tena. Mama Mpishi aliuma punje mpaka taya likamuuma. Mabakuli yalifika mpaka kwenye mlango wa ua. Alipika. Wali ukapakuliwa, watu wakasogea kuona sufuria ikipinduliwa, naye akasema:

"Moshi inanichoma macho. Mwaka huu napindulia ndani."

Hakuna aliyeuliza. Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Nilikumbuka kwamba nina ungo wake, nikaubeba, nikapita kwenye tundu la uzio, nikaingia jikoni. Alikuwa amechuchumaa. Ukoko ulikuwa mbele yake, vipande vitatu. Pembeni palikuwa na bakuli la uji mzito wa mchele, naye aliupaka kwenye ufa kwa kidole, taratibu, kama mtu anayekandika ukuta.

"Umeona nini, jirani?"

"Sijaona kitu, Mama."

"Muzuri. Shika huku."

Nikashika upande mmoja. Yeye alipitisha bati lenye makaa juu ya ule mshono mpaka ukakauka na kushika rangi. Hakuniangalia alipokuwa akisema.

"Hii watu yote wamelala porini. Miye niwaambie nini sasa? Mwaka iko mbaya? Hiyo wanajua tayari."

Alitoka na ukoko mzima juu ya ungo. Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo sijavisikia tena. Katika wageni alisimama msichana mmoja wa kijiji cha Wamaza ambaye tangu afike, siku tatu zilizopita, alikuwa hajatua furushi lake. Alikaa nalo, alisimama nalo, kwa sababu hakuwa na hakika kama ataruhusiwa kubaki. Mama Mpishi alimpelekea kipande. Kwao, kitu cha mkubwa hupokelewa kwa mikono miwili, basi yule msichana akatua furushi chini, akapokea. Jina lake Feza. Miaka miwili baadaye mtoto wa kiume wa Mama Mpishi alimwoa, na ingawa nyumba hiyo ni ya Waislamu, Feza aliendelea kusali kanisani kwake; jambo hilo lilizungumzwa wiki moja, likaisha.

Kipande changu mwaka huo kilikuwa na mshono. Upande mmoja kilikuwa ukoko, upande mwingine uji usio na chumvi. Nilikila chote nikanyamaza.

Jino la kwanza la mbele liliondoka na mfupa wa kuku. Alilitia mfukoni, akasema bado liko moja. La pili lilianguka Idi iliyopita, asubuhi, juu ya punje ya mchele, mbele ya mabakuli yaliyokuwa bado hayajapangwa. Alijaribu kuuma kwa jino la pembeni. Alijaribu kusaga kwa kucha. Wali wa siku hiyo ulikuwa na mabonge, na watu waliula kwa adabu, kila mtu akisifu sombe.

"Leo wali iko na milima," mwenye duka alisema, akacheka peke yake.

Mama Mpishi alisimama, akaosha mwiko mkubwa, akaufuta kwa kikwembe alichojifunga, akampa Feza, mkwe wake, mbele ya wote.

"Bonane, sufuria ni ya huyu."

Mwenye duka akasafisha koo.

"Mama, na heshima yote. Mukamwana wako ni mutu ya bugali. Kule Wamaza wanajua muchele tangu lini?"

"Na weye unajua duka tangu lini? Baba yako alikuwa anauza chumvi na kijiko."

Tulicheka, lakini shaka ilibaki. Nilisikia wanawake kisimani. Hawakumchukia Feza. Walisema tu kwamba ukoko ukivunjika mikononi mwake, atakuwa mgeni aliyevunja mwaka. Mbuzi akifa, litatajwa jina lake. Mtoto akipata homa, litatajwa jina lake. Hapa kwetu mtu anaweza kuishi miaka tisa, akazaa, akalima, kisha neno moja likamrudisha kwenye furushi lake. Feza alilijua hilo kuliko sisi. Mama Mpishi alilijua pia.

Kuanzia hapo kila asubuhi niliwasikia kupitia uzio. Mama Mpishi aliweka punje tano kwenye kiganja cha mkwe wake.

"Hii?"

Tak. "Ya mwaka huu, Mama."

"Ya wapi?"

"Ya bondeni."

"Na hii?"

Tak. "Ya mwaka jana."

"Muongo. Ya mwaka juzi. Uma tena. Usiume kama unakula, uma kama unauliza."

Mwiko mkubwa ulikuwa wa Feza, lakini mwiko mdogo wa sombe Mama Mpishi alikataa kuutoa. Alitembea nao mkononi, akionyeshea watu mambo.

Asubuhi ya Bonane nilikuwapo kabla ya wote. Sufuria ilikuwa juu ya mafiga, maji yameanza kuchemka, mkeka umetandikwa. Mama Mpishi alikaa kwenye kiti chini ya paa la jiko, mwiko mdogo mapajani. Na nani akaingia wa kwanza? Mwenye duka, ambaye miaka yote huja wa mwisho. Alitaka kujionea mwenyewe tangu mwanzo. Alibeba kopo lake, amevaa kofia ya sikukuu, akasimama karibu kabisa na moto.

"Bonane, mwanangu! Nimekuletea ya kwanza."

"Bonane, Baba. Aksanti sana."

Feza alipiga goti, akapokea kwa mikono miwili. Kisha nikaona anasita. Mkeka ulikuwa pale na bakuli lilikuwa pale. Lakini kwao Wamaza kitu cha mkubwa hakiwekwi chini yeye akiwa amesimama, anatazama. Ni kumwambia kwamba hakina thamani. Feza aligeuka na adabu yake yote, akamimina mchele ule mweupe ndani ya maji.

Nilimtazama Mama Mpishi. Aliona. Mwiko mdogo uliinuka kidogo kutoka mapajani, ukarudi.

Mengine yote Feza aliyafanya sawasawa. Aliuma punje, akapanga mabakuli, akatia kwa zamu, akaimba puani wimbo wa kwao ambao hatukuujua. Makaa juu ya kifuniko yalipangwa vizuri kuliko nilivyowahi kuona. Lakini mchele wa dukani ulikuwa umekwisha kuwa gundi chini kabisa ya sufuria, mahali ambapo ukoko hutengenezwa.

Watu walijaa, wali ukapakuliwa. Feza alidondosha mawese pembeni, akasubiri, akafunga mikono kwa vitambaa, akainua, akapindua. Akagonga chini ya sufuria kwa mwiko. Mara ya tatu kitu kikaanguka.

Vilikuwa vipande, vitano au sita. Katikati palikuwa na tundu, na kilichokuwa cha tundu hilo kilibaki kimeshika sufuria, cheupe.

Feza alisimama na sufuria mikononi, hakujua aiweke wapi. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake karibu na kikwembe. Mwenye duka akasema, "Nilisema." Hakulisema kwa kelele, na hilo ndilo lililouma.

Mama Mpishi akainuka kwenye kiti.

"Mwenye duka. Duka yako ya pili ulifungua mwaka gani?"

"Miye? Mwaka ile watu wa Kabambare walikuja."

"Na ukoko ya ile mwaka ilikuwa namna gani?"

"Nzima, Mama. Nilikula na kinywa hii."

"Ilikuwa vipande vitatu. Niliibandika na uji."

Ua mzima ulilipuka. Wengine walisema anamtetea mukamwana wake, wengine walisema uzee. Alinyoosha mwiko mdogo juu ya vichwa vya watu mpaka ukanifikia.

"Mama Dorka. Sema."

Macho yote yakanigeukia. Mume wangu pia.

"Niliona," nikasema. "Nilishika upande moja."

"Na weye!"

"Miaka yote hii!"

"Na anaenda kanisani kila siku ya Yenga!"

"Subiri," fundi wa pikipiki alisema, amesimama kwenye ndoo ili aonekane. "Subirini. Ile ndiyo mwaka nilioa."

"Ahaa!" mke wake akasema. "Basi ndiyo sababu!"

Kicheko kilianzia kwa wanawake. Mtu akapiga kelele kwamba mwaka huo mbuzi wake alizaa mapacha. Mwingine akasema alivuna mpunga mpaka ghala likakataa. Mimi nikasema Dorka wangu alizaliwa mwaka huo, na sasa anashinda wavulana kwa hesabu. Shehe alifuta macho kwa ncha ya kanzu.

"Miye nilisema tangu zamani. Haitoki ku sufuria."

"Na kipande yako ulikula, Shehe," Mama Mpishi akamjibu. "Ya pembeni. Ilikuwa na uji." Kisha akamgeukia mwenye duka. "Na weye, iliyovunja leo ni muchele yako. Miaka yote unakuja ya mwisho. Leo ulifuata nini mapema? Mutoto amekupokea na heshima, heshima imeshika sufuria. Utaisugua weye mwenyewe."

Mwenye duka akaangalia watu, akaangalia sufuria.

"Na muchanga ao na majivu?" aliuliza.

Baadaye nilimuuliza Mama Mpishi, kupitia tundu la uzio, kwa nini hakumzuia Feza alipoona mchele ule unamiminwa. Angeweza kusema neno moja.

"Ningefungua kinywa," alisema, "sufuria ingekuwa bado yangu."

Lakini hayo yalikuwa jioni. Mchana huo kilichobaki kilikuwa kugawa. Miaka mingine kukata ukoko kulikuwa na ugomvi, nani amepata kikubwa, nani amepata kilichoungua. Safari hii hapakuwa na cha kukata. Feza alichukua sahani, akachagua kipande kilichokaribia kuwa na umbo, akakizungushia ndizi na mchuzi wa kambale. Alimpita Shehe, akawapita wazee, akapiga goti mbele ya kiti.

"Mupakuaji hapewi," Mama Mpishi alisema.

"Weye si mupakuaji tena, Mama."

Mama Mpishi akauweka ule mwiko mdogo chini, kwenye majani ya ndizi, akapokea kwa mikono miwili.

Alichovya ukoko kwenye mchuzi, akangoja ulainike, akautia kinywani. Alitafuna kwa ufizi, macho yamefumba kama zamani, na avenyi nzima ilingoja hukumu, hata mwenye duka aliyekuwa amekunja mikono ya kanzu juu ya sufuria.

"Imeungua," alisema hatimaye. "Na chumvi haitoshi."

Akanyoosha sahani.

"Ongeza."